Maudhi Hutangulia, Nafuu Hufuata

Miongoni mwa dawa zote ambazo mkono wa tabibu humkabidhi mgonjwa, ni chache zenye tabia ya ajabu kama dawa za sonona, kwa kuwa dawa nyingi tulizozizoea huanza kwa kutuonyesha wema wake, ilhali hizi huanza kwa kutuonyesha ubaya. Anayemeza parasetamoli kwa maumivu ya kichwa aghalabu hupata faraja kabla ya saa moja kwisha. Anayeanza dawa ya sonona huweza kupata kichefuchefu, kizunguzungu, kinywa kikavu au usiku usio na usingizi katika siku za mwanzo, na ile faraja aliyoahidiwa isionekane mpaka juma la pili, la tatu au hata la nne. Mtu aliyeambiwa jambo hili mapema hulistahimili. Asiyeambiwa hudhani kwamba amepewa sumu, akaiacha dawa kimya kimya, akarudi katika huzuni yake na hasara mbili, yaani maradhi yaliyobaki na imani iliyopotea. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya huyo wa pili, na kwa ajili ya jamaa wanaokaa naye nyumba moja.

Nawaandikia hasa wakazi wa Gisenyi, nchini Rwanda. Mji huu, ulio makao ya wilaya ya Rubavu, umekaa kwenye ukingo wa kaskazini wa ziwa Kivu, nyuma yake imesimama milima ya volkano, na ubavuni umegusana na Goma ya Kongo hata mgeni asitambue kwa macho mji mmoja unapokwisha na mwingine unapoanza. Watu hutoka Kigali kuja kupunga upepo ufukweni mwake. Lakini wenyeji wake wamefikwa na misiba ambayo uzuri wa mandhari hauwezi kuificha. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalifika hapa kama yalivyofika kwingineko nchini, na mahali paitwapo Commune Rouge, walipouawa watu wengi, leo pana kumbukumbu ya marehemu; mwezi wa Julai wa mwaka huo huo mamia ya maelfu ya watu walipita katika barabara za mji huu wakikimbilia Goma, na kipindupindu kikawakuta huko. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka, na safari hii mkondo wa wakimbizi ukaja kinyume, kutoka Goma kuja Gisenyi; tarehe 22 Mei 2021 ukalipuka tena, na matetemeko yaliyofuata yakatia nyufa nyumba na barabara za Rubavu. Mwanzoni mwa Mei 2023 mto Sebeya ulifurika usiku, katika gharika na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, wengi wao katika jimbo hili la Magharibi. Na mwezi wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, makombora yaliangukia upande huu wa mpaka na kuua raia.

Basi si ajabu kwamba uchunguzi wa afya ya akili uliofanywa Rwanda mwaka 2018 ulikuta sonona kwa watu 12 katika kila 100, na miongoni mwa walionusurika mauaji ya kimbari kwa watu 35 katika kila 100. Hata hivyo haifai kudhani kwamba kila aliyefiwa ni mgonjwa, wala kwamba kila mgonjwa ana msiba wa kuonyesha. Sonona, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa agahinda gakabije, ni maradhi ambayo huzuni au kukosa hamu ya mambo yote humkaa mtu karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, ikaandamana na kuharibika kwa usingizi na chakula, uchovu usio na kazi, kujilaumu kupita kiasi, na pengine kuyatamani mauti. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyeishi kati ya miaka ya 850 na 934, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na ya nafsi, akapambanua huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile isiyojulikana sababu yake, akasema kwamba hii ya pili yatokana na mwili wenyewe na yataka tiba ya mwili. Anayesema leo kwamba kumeza kidonge kwa ajili ya huzuni ni jambo geni la Wazungu, na asome tena historia.

Zamani mgonjwa wa namna hii, kama ndugu zake walikuwa na nauli na ujasiri, alipelekwa Ndera, upande wa Kigali, katika hospitali iliyofunguliwa na watawa wa Frères de la Charité mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watawa hao hao wana kituo kiitwacho Tulizo Letu upande wa pili wa mpaka, huko Goma. Baada ya 1994 serikali ya Rwanda iliamua kuyasambaza matibabu ya akili hadi hospitali za wilaya na vituo vya afya, wauguzi wakafundishwa, na bima ya afya iitwayo mutuelle ikafungua mlango kwa wasio na mshahara. Kwa hiyo leo mkazi wa Rubavu anaweza kuanza dawa bila ya kuuhama mji wake, akitanguliwa na shauri la mjumbe wa afya wa kijijini, ambaye wenyeji humwita umujyanama w'ubuzima.

Dawa yenyewe huwa, mara nyingi, moja kati ya mbili: fluoksetini au amitriptilini, ambazo zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ni za bei nafuu, na kwa hiyo ndizo zifikazo katika nchi zetu. Ndani ya kisanduku mna karatasi ya maelezo, iliyoandikwa kwa maandishi membamba, aghalabu kwa Kifaransa au Kiingereza, ambayo huorodhesha kila baya lililowahi kuonekana kwa yeyote, kubwa na dogo, la kawaida na la nadra, bila ya kumwambia msomaji lipi la kutarajia kesho na lipi la kukimbilia hospitali usiku huu. Asiyeisoma hubaki gizani, aisomaye hutishika, na wote wawili huhitaji mtu wa kuwafafanulia.

Tumfikirie mama mmoja, mchuuzi wa karoti na vitunguu, ambaye kila alfajiri husimama katika msururu wa Petite Barrière pamoja na maelfu ya wenzake ili avuke kwenda kuuza Goma. Amekuwa mgonjwa miezi mitatu, amepewa fluoksetini ya miligramu 20 ameze asubuhi, na siku ya tatu anaona tumbo linachafuka, mikono inatetemeka kidogo, usingizi uliokuwa haba umezidi kuwa haba, na moyo una wasiwasi kuliko ulivyokuwa kabla ya dawa. Anarudi kituoni na kusema, “Muganga, dawa hii itaniua.” Muuguzi mwenye busara hamkemei wala hamcheki, humjibu, “Pole, mama. Umefanya vyema kurudi. Kaa, uniambie yote, usinifiche hata moja.” Katika maneno hayo machache mmekwisha kuanza matibabu, kwa kuwa hatari kubwa ya juma la kwanza si kichefuchefu, bali ni mgonjwa asiyerudi.

Kwa nini mambo hutokea hivyo? Serotonini ni kemikali ambayo mishipa ya fahamu huitumia kupelekeana habari, na fluoksetini huizuia isirejeshwe upesi ndani ya seli iliyoitoa, hata ikazidi katika nafasi zilizo kati ya seli na seli. Kizuizi hicho huanza ndani ya saa chache. Lakini takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili wa binadamu haimo kichwani, imo utumboni, ambako kazi yake ni kuliendesha tumbo, na ndiyo sababu tumbo huwa la kwanza kulalamika. Ubongo nao, unapokuta habari zimeongezeka ghafula, hujirekebisha polepole, seli zikibadili namna ya kuzipokea, na mabadiliko hayo huchukua majuma. Wataalamu wangali wakijadiliana jinsi hasa yanavyoleta nafuu, na wengi wao hawasemi tena kwamba sonona ni upungufu wa serotonini tu. Lakini lililo dhahiri kwa mgonjwa halibadiliki: mwili hupata taathira ya dawa leo, na nafsi hupata faida yake baada ya majuma.

Wala maudhi haya si siri iliyofichuliwa juzi. Dawa za sonona zilizaliwa kwa bahati, katika mwaka 1952, pale wagonjwa wa kifua kikuu wa hospitali ya Sea View huko New York walipopewa iproniazidi wakachangamka na kurudiwa na hamu ya kula kuliko ilivyotarajiwa. Na katika 1956 tabibu Roland Kuhn, katika hospitali ya Münsterlingen huko Uswisi, aliwapa wagonjwa wa sonona imipramini, akatangaza matokeo mwaka uliofuata. Amitriptilini ni ndugu wa hiyo imipramini. Fluoksetini iliruhusiwa Marekani mwishoni mwa 1987, na sifa iliyoifanya ienee ulimwenguni si kwamba yatibu kuliko zilizotangulia, bali kwamba maudhi yake ni mepesi zaidi na hatari yake ni ndogo mtu akizidisha kipimo. Historia yote ya dawa hizi, basi, ni historia ya kutafuta nafuu ile ile kwa adha iliyopungua, na haijafika mwisho wake.

Sasa tuyatazame maudhi yenyewe moja moja. Kichefuchefu cha fluoksetini, ambacho ndicho cha kawaida kupita vyote, kwa wengi hupungua ndani ya juma moja au mawili. Husaidia kumeza dawa pamoja na chakula, kama vile uji au ndizi, na kula kidogo kidogo mara nyingi badala ya mlo mmoja mzito. Chai ya tangawizi huwatuliza wengine. Kuharisha kidogo hupita vivyo hivyo. Maumivu ya kichwa yatulizwe kwa parasetamoli, si kwa aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa sababu hizi tatu zikichanganywa na fluoksetini huzidisha uwezekano wa damu kuvuja tumboni. Usingizi ukikimbia, dawa na imezwe asubuhi mapema, na kahawa iachwe baada ya adhuhuri. Kutetemeka na wasiwasi wa mwanzo huwapata zaidi wale ambao hata kabla ya dawa walikuwa wepesi wa kushtuka, na kwao tabibu huweza kuanza na nusu ya kipimo, miligramu 10, kisha akapandisha baada ya siku kadhaa. Mgonjwa aliyekwisha kuanza na 20 akasumbuka asijipunguzie mwenyewe, bali aombe kupunguziwa.

Amitriptilini ina adabu nyingine. Hii humezwa usiku, huanza na kipimo kidogo cha miligramu 25 kinachopandishwa taratibu, na maudhi yake ni ya ukavu na uzito: kinywa kukauka, choo kufunga, macho kuona ukungu, mkojo kutoka kwa shida, uzito wa mwili kuongezeka, na usingizi unaoendelea hata asubuhi. Mwenye kinywa kikavu anywe maji funda kwa funda na kupiga mswaki kwa bidii, maana meno huoza upesi mate yanapopungua. Mwenye choo kigumu azidishe maji, maharage, sombe na matunda. Na anayeshikwa na kizunguzungu ainukapo kitandani aketi kwanza, miguu chini, kabla ya kusimama. Dereva wa pikipiki na mwenye kazi ya kupanda juu ya jengo wasiendeshe wala wasipande mpaka wajue jinsi dawa inavyowachukua. Mzee mwenye maradhi ya moyo, mwenye presha ya macho, au mwanamume mwenye tezi dume iliyokua, ayaseme hayo kabla hajaandikiwa dawa hii.

Watu wawili waliopewa dawa moja kwa kipimo kimoja hawapati mambo mamoja. Ini la kila mtu lina vimeng'enya vya kuvunjavunja dawa, na nguvu ya vimeng'enya hivyo hurithiwa: yuko ambaye kipimo cha kawaida humwishia mwilini upesi asione faida, na yuko ambaye kipimo hicho hicho humkalia mwilini kama maradufu. Kwa hiyo ushuhuda wa jirani, awe amesifu au amelaani, si hoja. Tena si kila kinachomfika mgonjwa katika juma la kwanza kimeletwa na kidonge. Sonona yenyewe huumiza kichwa, huharibu tumbo na kufukuza usingizi; na katika majaribio ambamo baadhi ya watu hupewa vidonge visivyo na dawa yoyote bila ya wao kujua, miongoni mwao hutokea wanaolalamikia kichefuchefu na kichwa. Hawasemi uongo; mwili ulioambiwa utarajie baya huweza kulileta. Kwa sababu hiyo lipo jambo moja rahisi lenye manufaa makubwa: kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, mgonjwa au nduguye aandike katika daftari maumivu na usumbufu alio nao tayari, kisha aendelee kuandika kila jioni. Daftari hilo, likifika mbele ya muuguzi, humaliza ubishi.

Mji wa mpakani una hadhari zake za peke yake, na hapa inafaa kutua kidogo. Dawa moja huweza kuwa na majina mengi, jina la asili na jina la kiwanda, na mtu anayetibiwa Gisenyi huku akinunua Goma huweza kupewa amitriptilini huku na Laroxyl kule, asijue kwamba ni kitu kimoja, akameza vyote viwili na kuanguka. Dawa iitwayo tramadoli, ambayo hununuliwa na wengi kwa maumivu ya mgongo baada ya kubeba mizigo, haifai kuchanganywa na fluoksetini bila ya idhini ya tabibu, kwa kuwa zote mbili huzidisha serotonini na mchanganyiko wake huweza kuleta sumu ya serotonini: homa, jasho jingi, misuli kukakamaa na kutikisika, moyo kwenda mbio na akili kuchanganyikiwa. Linezolidi, inayotumika katika kifua kikuu sugu, ina hatari kama hiyo. Wenye kutumia dawa za kifua kikuu, za virusi vya UKIMWI, za kifafa au za malaria, wataje kila moja, na vilevile wataje mitishamba yote, maana kuficha dawa ya mganga kwa aibu ni kumfanya daktari aandike gizani. Na pombe, katika mji ambao kiwanda chake cha bia kimefanya kazi tangu miaka ya 1950 na ambao vijiji vyake havikosi pombe ya ndizi, na iachwe kabisa katika majuma ya mwanzo, kwa sababu huzidisha usingizi wa amitriptilini na huzidisha sonona yenyewe.

Tuliyoyataja mpaka hapa, ukitoa hatari za kuchanganya dawa, ni maudhi ya kustahimiliwa. Yako mengine ambayo hayastahimiliwi hata siku moja. Mtu akitokwa na vipele vya mwili mzima pamoja na uvimbe wa uso au shida ya pumzi; akizimia au moyo ukimwenda mbio bila ya mpango; akishindwa kabisa kukojoa; akitoa choo cheusi kama lami; akipatwa na zile dalili za sumu ya serotonini; au mzee akianza kuchanganyikiwa na kuanguka baada ya kuanza fluoksetini, jambo ambalo huweza kusababishwa na upungufu wa chumvi katika damu, basi kwa lolote kati ya haya mgonjwa asingoje tarehe ya kurudi, aende hospitali siku hiyo hiyo, na ikibidi nambari 912 ipigwe ili gari la wagonjwa lije. Vivyo hivyo mtu aliyekuwa mnyonge juzi akiwa leo halali wala hachoki, anasema mbio, anagawa fedha na kupanga mambo makuu yasiyo na mizani, ndugu zake wasishangilie kwamba amepona, kwani yawezekana kwamba ugonjwa wake una pande mbili, wa huzuni na wa mchangamko uliopita kiasi, na dawa ya upande mmoja imeuamsha upande wa pili.

Lakini lililo zito kupita yote ni fikra za kujiua. Katika majuma ya mwanzo huweza kutokea kwamba nguvu za mwili zinarudi kabla huzuni haijaondoka, na mtu aliyekuwa hana hata nguvu za kutekeleza baya akazipata. Au akashikwa na hali ya kutotulia, asiweze kuketi wala kusimama mahali pamoja, hali inayotesa kuliko maumivu. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liandikwe kuhusu watoto na vijana wanaotumia dawa hizi, na mwaka 2007 onyo hilo likapanuliwa hadi umri wa miaka 24. Maana ya onyo si kwamba vijana wanyimwe dawa, kwa kuwa sonona isiyotibiwa nayo huua. Maana yake ni kwamba wasiachwe peke yao. Mzazi amuulize kijana wake waziwazi kama anawaza kufa, wala asiogope kwamba swali litampa wazo. Na akijibiwa ndiyo, asimwache, ampeleke. Amitriptilini ikizidishwa huweza kuusimamisha moyo, hivyo na ikae mikononi mwa ndugu mmoja mwaminifu, na kituo kitoe vidonge vya siku chache kwa mara moja. Hadhari hii yataka kuzidishwa katika mwezi wa Aprili, msimu wa maombolezo unaoanza tarehe 7, ambapo majeraha ya wengi katika nchi hii hufunguka upya.

Kuna udhia mmoja ambao watu huuficha kuliko mingine yote, nao ni kupungua kwa hamu au uwezo wa unyumba, unaowapata wanaume na wanawake, hasa kwa fluoksetini na dawa za jamii yake, na ambao, tofauti na kichefuchefu, huenda usiondoke wenyewe. Ndoa ngapi zimetiwa shaka, mume akidhaniwa ana mwingine, au mke akidhaniwa amechoka, kumbe ni kidonge! Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayeumbuka ni mtu na mwenziwe pamoja. Jambo hili lina shauri: kipimo huweza kupunguzwa, dawa huweza kubadilishwa; lakini hakuna tabibu awezaye kulitibu asipoambiwa, na kwa hiyo ni wajibu wa muuguzi kuliuliza yeye kwanza, faraghani na kwa lugha ya heshima.

Nafuu nayo, ijapo, huja na mtego wake. Baada ya mwezi au miezi miwili mama yule mchuuzi analala, anakula, anacheka na wenzake katika msururu wa mpakani, naye anajiuliza kwa nini aendelee kumeza dawa ya maradhi asiyo nayo. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kuendelea kwa miezi kadhaa baada ya dalili kwisha, kwa sababu aachaye mapema hurudiwa na maradhi kwa urahisi. Na wakati wa kuacha ukifika, mtu ashuke kama ashukavyo ngazi, daraja baada ya daraja kwa muda wa majuma, si kwa kuruka. Maana kuacha ghafula huleta kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto mbaya na hasira, ambazo wengi huzidhania kuwa uraibu au kurudi kwa sonona. Fluoksetini, kwa kuwa hukaa mwilini kwa siku nyingi, ina usumbufu mdogo zaidi wakati wa kuachwa. Aliyesahau kumeza siku moja asimeze viwili siku ya pili. Mwanamke aliyepata mimba naye asiiache dawa kwa hofu usiku mmoja, bali aende ashauriane, kwa sababu sonona nayo ina madhara yake kwa mama na mtoto.

Dini haikinzani na haya. Mtume wa Uislamu aliwahimiza watu kujitibu, na ile hospitali ya akili ya Ndera ilifunguliwa na watawa. Mwislamu wa Gisenyi anayefunga Ramadhani hana haja ya kuchagua kati ya saumu na dawa, kwa kuwa fluoksetini humezwa mara moja kwa siku na yaweza kumezwa wakati wa daku au wa kufuturu, na amitriptilini ni ya usiku. Ila azungumze na muuguzi wake kabla ya mwezi kuandama, asibadili saa kwa ghafula. Imamu na mchungaji, ambao huzuni za watu huwafikia kabla hazijamfikia daktari, wangefanya thawabu kubwa kama wangesema mimbarani kwamba dawa si upungufu wa imani.

Wala kidonge hakitoshi peke yake. Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, jaribio lililotangazwa mwaka 2003 lilionyesha kwamba wanavijiji wenye sonona waliokutana kila juma katika vikundi vya mazungumzo, wakiongozwa na watu wa kwao waliofundishwa, walipata nafuu kubwa kuliko wasiokutana, bila ya dawa yoyote. Kwa sonona iliyo nyepesi mazungumzo ya namna hiyo ndiyo yatanguliayo, na kwa iliyo nzito hufuatana na dawa, na hata yule anayemeza dawa peke yake huvuka majuma ya mwanzo kwa urahisi zaidi akiwa na mtu wa kumwuliza kila jioni, “Leo umeamkaje? Tumbo linasemaje?”

Kwa hiyo ombi langu kwa watoa dawa ni dogo: kabla mgonjwa hajainuka kitini, aambiwe kwa lugha anayoielewa maudhi gani yatamjia juma hili, nafuu itarajiwe lini, na dalili zipi zisingoje, kisha apewe tarehe ya kurudi isiyozidi majuma mawili. Na ombi langu kwako, msomaji uliyeanza dawa hii au mwenye ndugu aliyeianza, ni dogo zaidi: usiiache kabla hujarudi kusema. Huenda dawa ikabadilishwa, huenda kipimo kikapunguzwa, huenda ukaambiwa uvumilie siku kumi nyingine; lakini hukumu hiyo na itolewe na watu wawili waliokaa na kuzungumza, isitolewe na mtu mmoja aliye mgonjwa, usiku, peke yake.